Jokofu Lililoanza kwa Kusema Nzuri

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda zahanati kama kila Jumatatu, viatu mkononi. Nimesoma kumbukumbu za ile kompyuta ndogo inayolinda jokofu la chanjo, lile la umeme wa jua. Vijana wanaziita logi. Hakuna jipya. Betri imejaa, joto liko sawa.

Nesi Yustina ameuliza tena jokofu linaandikaje. Nimemweleza tena. Kufundisha fizikia nimeshastaafu, kueleza bado. Jokofu haliandiki. Ndani ya kompyuta kuna programu inayopima joto. Programu nayo haina daftari lake. Inaukabidhi ujumbe kwa mfumo wenyewe wa kompyuta, kama mtu anavyomkabidhi karani barua. Mfumo unapiga mhuri: saa, jina la aliyeleta, na uzito. Ujumbe wenye uzito wa "taarifa" unabaki ndani. Wenye uzito wa "onyo" kwenda juu unarushwa kwenye simu yake.

"Yaani Mwalimu, hili jokofu linaongea kuliko mume wangu."

Nimerudi nyumbani nimelowa.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya Majivu, kwaresima imeanza. Kanisa lilijaa. Wingu zito siku ya tatu sasa, jua halijaonekana Bugarama yote. Goti linauma. Sikutoka tena.

Ijumaa, 7 Machi

Habari mbaya. Chanjo zote zimeharibika. Yustina alifungua jokofu jana akakuta joto, na alama kwenye vichupa zimegeuka rangi. Betri ilikwisha kwa kukosa jua.

Msimamizi wa zahanati anasema nesi alipata onyo akalipuuza. Yustina anasema simu haikulia. Msimamizi akajibu kuwa mtambo hauna sababu ya kudanganya. Amemnyang'anya funguo za chumba cha chanjo. Jumatano kamati itakaa kuamua kama aondolewe kazini.

Yustina ni mtu wa Nemba. Hapa hana ndugu wa kumsemea.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesoma kumbukumbu asubuhi nzima.

Ujumbe upo. Uliandikwa tena na tena, usiku wote wa kuamkia Alhamisi. Naunukuu: "Hali ya jokofu ni nzuri, ila betri imeshuka kidogo." Kisha: "Hali ya jokofu ni nzuri, ila joto limepanda." Wa mwisho kabla betri haijazima: "Hali ni nzuri, ila chanjo ziko hatarini." Zote zimepigwa mhuri wa taarifa. Hakuna hata moja iliyorushwa kwenye simu. Simu haikulia kwa sababu haikupigiwa.

Programu aliiandika Adela, binti wa marehemu mdogo wangu. Sasa anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja Biharamulo. Ameifundisha mashine adabu yetu. Huku ukimuuliza mtu za nyumbani, ni nzuri. Ukisubiri, utasikia "ila". Jirani yangu aliniambia nzuri mara tatu, kisha ndipo akasema wamemzika bibi. Sisi tunajua kusubiri hilo "ila". Mfumo wa kompyuta hausomi maneno. Unasoma uzito tu.

Adela aliandika njia moja ya kupitishia ujumbe, akaipa uzito wa taarifa. Kila kitu kikapita humo, salamu na msiba pamoja.

Na lile jaribio la siku tulipofunga mtambo? Nalikumbuka vizuri. Aliutuma ujumbe kwa mkono wake, akauwekea uzito wa onyo, simu ikalia, tukapiga makofi wote. Tuliijaribu simu. Programu yenyewe hatukuijaribu.

Zile "nzuri" nilizisoma kila wiki. Nilizipenda.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Adela baada ya misa.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Habari za Biharamulo?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Nzuri tu. Ila mkataba unaisha mwezi huu, sijui kama wataniongeza."

Nikamweleza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama siwezi kurekebisha kimya kimya, hizi kumbukumbu za zamani nikazifuta. Wakubwa wake wakisikia, mkataba basi.

Nenosiri ninalo mimi. Kufuta ni kazi ya dakika. Kumbukumbu zikifutika, linabaki neno la msimamizi dhidi ya neno la Yustina.

Nimemwambia sifuti. Nimekasirika. Pia namhurumia. Ndiye anayemlisha mama yake.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji, mama yake Adela, amekuja na mkungu wa ndizi. Tumezungumza mvua, maharage, kwaresima. Zote nzuri. Alipofika kwenye ua, kapu tayari kichwani, ndipo akasema: "Shemeji, yule nesi atapata kazi kwingine. Mwanangu nani atamchukua?"

Huku jambo zito husemwa mtu akiwa anaondoka. Ndizi nimezila. Nimejiona mnafiki.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya kliniki. Kina mama wamekuja na watoto mgongoni wakaambiwa warudi. Mmoja alikuwa ametembea kutoka mbali na mtoto mchanga, mvua ikinyesha. Aliuliza arudi lini. Hakuna aliyejua.

Kesho nitasema nilichokiona. Nimemwandikia Adela ujumbe kumjulisha. Hajajibu.

Jumatano, 12 Machi

Kamati ilikaa kwenye darasa la katekesi. Yustina alikuwa kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani. Msimamizi alifungua. Nilikuwa nasimama na kompyuta yangu mlango ulipofunguliwa.

Adela. Sketi ina matope hadi magotini. Alikuwa amekuja na basi la kwanza. Hakuketi.

"Kosa ni langu. Nesi hakupata onyo. Programu yangu haikumtumia."

Mzee mmoja wa kamati akakohoa. "We binti, hata hamjambo?"

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Haya, sema sasa, polepole."

Akasema. Mimi nikaonyesha ujumbe mmoja mmoja ukutani kwa projekta. Waliposoma "hali ni nzuri, ila chanjo ziko hatarini", yule mzee alicheka peke yake, kisha akaacha. "Hivi ndivyo anavyoongea mke wangu," akasema.

Yustina amerudishiwa funguo. Msimamizi alizisukuma juu ya meza bila kumtazama. Hakuomba radhi. Yustina alizichukua, akampita Adela, akarudi, akamshika mkono.

Ijumaa, 14 Machi

Adela amebaki siku mbili. Ile njia moja ya ujumbe tumeigawa kuwa tatu. Joto la kawaida linapita kwa taarifa. Betri ikishuka, onyo. Chanjo zikiwa hatarini, dharura. Nilimweleza, ingawa anajua, kwamba mtu hapigi yowe kwa kuku aliyepotea, wala hanong'oni nyumba ikiungua. Alinisikiliza kwa heshima.

Safari hii tulizima umeme wa jua kwelikweli, jokofu likiwa tupu, tukasubiri. Simu ya Yustina ikalia. ONYO. BETRI INAKWISHA.

"Hata shikamoo hakuna!" akasema. Alifurahi.

Jumatatu, 17 Machi

Jua kidogo. Chanjo mpya zimefika kwa gari asubuhi. Yustina amezipanga mwenyewe. Nimesoma kumbukumbu. Taarifa tupu.

Jioni Adela amepiga simu. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza habari.

"Mbaya, baba mkubwa. Hawakuniongeza."

Nikamwambia aje, chumba cha uani kiko wazi, na maharage ya mama yake yanataka palizi.

Nimefagia kile chumba. Nimebadilisha balbu.