Dokta Anataka Shahidi

Maman Reine,

Huku Rusizi tupo, mvua ipo, na mimi ninasinzia mpaka katikati ya misa. Alhamisi nina randevu kwa dokta wa usingizi. Ameagiza nije na muntu anayelala karibu nami, aeleze kama pumzi yangu inakatika. Jirani yetu Kayitare amejitolea: "Mzee, ukikoroma ninakutukana; ukinyamaza ndiyo ninaogopa." Lakini yeye anasikia kupitia ukuta tu.

Tangu mikoromo ikufukuze ukaenda kwa mama yako Bukavu, ninalala peke yangu. Vile viwiko ulivyokuwa unanipiga nilidhani ni hasira. Dokta anasema huenda ndivyo vilivyonirudishia pumzi. Vuka mpaka uje Alhamisi, hata kama utarudi jioni. Ninaogopa kulala.

Mume wako mpaka leo,
Papa Reine