Punda Tausi Ana Mimba au Hana

Kwihara, Tabora
Tarehe 9 Septemba 1952

Mke wangu Mama Eliya,

Pokea salamu zangu, na za punda wanaonipigia kelele nyuma ya nyumba nikiandika haya. Ni mwaka na miezi minane sasa tangu nilipokuacha kwenye njia ya Sekenke ukiwa na Eliya mgongoni. Najua unahesabu, hata mimi nahesabu. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha baridi ya mwezi wa saba bado hakijaniacha vizuri na kisigino kimepasuka. Wewe hujambo? Homa ya Eliya iliondoka kabisa? Na magoti ya mama je? Niandikie yote, hata mabaya, usinifiche kama ulivyonificha habari ya mbuzi.

Barua yako nimeipata. Swali lako ni moja tu na umeliandika mara mbili: utarudi lini? Halafu chini kabisa ukaongeza: au umeoa huko? Sijaoa. Nimekwama kwa sababu ya tumbo la punda. Nitakueleza tangu mwanzo, maana nikikueleza nusu utasema nilikuwa nimelewa.

Unajua kwamba nafanya kazi kwa Bwana Nasoro, mfanyabiashara wa Tabora mjini. Punda wake hulala huku Kwihara, nami nawaswaga hadi Ipole kuchukua nta na asali, kisha narudi nao. Jambo ambalo sikukueleza vizuri ni mapatano yetu. Posho ya chakula hunipa, lakini ujira wangu hasa ni mwanapunda wa kwanza atakayezaliwa na punda jike wake aitwaye Tausi. Nilitaka hivyo mwenyewe. Nilikuwa nawaza jinsi unavyokwenda kisimani wakati wa kiangazi, ukirudi jua limeshapanda na shingo imekukaza. Nikasema, fedha nitaila njiani, punda hataliwa.

Huyo Tausi usimwazie uzuri. Ni wa kijivu, sikio moja limechanika, na jina hilo Bwana Nasoro alimpa kwa kumdhihaki. Alipandwa na dume mwaka jana mvua zilipoanza, mimi mwenyewe nikiona. Punda jike anapotaka dume huchezesha mdomo kama anayetafuna hewa. Baada ya siku ile Tausi hakutafuna hewa tena. Nikafurahi. Ningejua, ningenyamaza na furaha yangu, lakini nilimwambia Bwana Nasoro, na tangu hapo kila mtu wa hapa amekuwa mganga wa tumbo la Tausi.

Wa kwanza alikuwa mama yake Bwana Nasoro, Bibi Zuhura. Alikuja kutoka mjini na birika la maji ya baridi.

Nikamwambia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mshike kichwa huyo."

Akatia maji kidogo ndani ya sikio la Tausi. Anasema mnyama mwenye mimba akitiwa maji sikioni hutikisa kichwa tu, kwa kumhurumia aliye tumboni, na asiye na mimba hujitikisa mwili mzima. Tausi alitikisa kichwa, akatulia, halafu akajitikisa mwili mzima, akanikanyaga mguu.

Bibi akafikiri. "Anayo," akasema, "lakini hajui."

Mama Eliya, nifanye nini na jibu la namna hiyo?

Wa pili ni jirani yetu hapa, Mzee Yakobo, Mmoraviani mwenye ng'ombe wengi, mtu mwema sana ila hapendi kusema hajui. Alikuja mvua zilipokuwa zinakwisha. "Mwangaluka," akanisalimu kwa Kinyamwezi chao, akavua koti, akakunja ngumi na kuisukuma ubavuni kwa Tausi upande wa kulia, pale pa kumpimia ng'ombe. Unasukuma na kuachia, unasukuma na kuachia, na kama ndama yupo utamsikia anarudi kukugonga ngumi, kama boga linaloelea mtungini. Akasukuma mpaka jasho likamtoka.

"Yupo," akasema. "Hesabu miezi tisa tangu siku ya dume. Mwezi wa nane utakuwa na mwanapunda."

Nikahesabu. Bwana Nasoro akahesabu. Bibi Zuhura akahesabu kwa vidole akasema sawasawa. Nyumbani kwetu sisi ni watu wa ng'ombe, sijapata kuona punda akizaa. Hawa wa hapa nao punda huwanunua wakubwa, wakawabebesha mizigo mpaka wafe. Basi hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Binadamu ni miezi tisa, ng'ombe ni miezi tisa, punda naye awe na nini cha zaidi? Ndiyo maana nilikuandikia ile barua ya kwamba mwezi wa nane ujira wangu utakuwa umesimama kwa miguu yake.

Mwezi wa nane ukaja. Tausi akala, akalala, akala. Nikakaa naye asubuhi na jioni, nikamtandikia majani makavu kama mzazi wa mfalme. Hakuna kitu. Hata chuchu zilikuwa zimesinyaa kama mifuko ya maskini. Mwezi ukafika katikati, Bwana Nasoro akaja akasimama mlangoni mwa zizi.

"Yuko wapi mtoto wako, Mnyiramba?"

"Bado, bwana."

"Bado nini? Huyu ni tasa, wallahi. Ana upepo. Mwaka mzima unaniambia usimpakie mzigo mzito, ana mimba, ana mimba, naye anakula kuliko mimi. Kesho mpakie nta kama wenzake."

Nikakataa. Nilisema nitakwenda Ipole na wengine na mzigo wake nitaugawa kwao, na kinachobaki nitakibeba mimi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa nina punda wa miguu miwili!" Lakini aliniacha, na nilibeba, Mama Eliya. Nta ya Tausi nimeibeba mgongoni mwangu kutoka Ipole, na watu wa asali wakinizomea njia nzima wananiuliza mimi nitazaa lini. Kisigino nilichokutajia kilipasuka safari ile.

Niliporudi nikajaribu na mimi kupima. Mtu mmoja wa Ipole alinifundisha kwamba asubuhi umpe maji ya baridi akiwa hajala, halafu utazame ubavu, kwa sababu mtoto huchukia baridi, hupiga mateke. Nikampa maji, nikachuchumaa nikatazama. Ubavu ukacheza! Nilipiga kelele Mzee Yakobo akaja mbio akidhani ni nyoka. Kesho yake nikampa maji dume, nimpime na yeye kwa kulinganisha tu. Ubavu wake nao ukacheza vilevile.

Nilikaa chini pale pale zizini nikashika kichwa.

Basi mwisho wa mwezi ule akaja dresa wa mifugo kuchoma ng'ombe wa Mzee Yakobo sindano ya sotoka. Ni kijana wa Kihaya, mpole, ana kaptura iliyopigwa pasi. Nikamwomba kwa jina la Mungu anitazamie punda. Akaomba maji ya moto na sabuni, akavua saa na shati. Bwana Nasoro alikuwepo, na Bibi Zuhura pia, maana habari ilikuwa imefika mjini na hakuna aliyetaka kukosa. Nikashika mkia. Dresa akajipaka sabuni, akatia mkono nyuma ya punda, polepole, mpaka kwenye bega.

"Astaghfirullahi," Bwana Nasoro akasema, akajiziba pua kwa kanzu. "Shule yote ile, kumbe ni kwa ajili ya hili?"

Dresa aliendelea kupapasa ndani. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Mara akatabasamu. "Nimeshika kwato," akasema. "Huyu hapa. Ananivuta."

Nikauachia mkia kwa furaha, na Tausi akamnyea kifuani. Hakukasirika. Akajiosha huku akinieleza kwamba mtoto ni mzima, ila muda haujafika. Punda, anasema, hubeba mimba mwaka mzima, na wengine hupitiliza. Tumngoje mvua zitakapoanza.

"Mwaka?" Mzee Yakobo akaruka. "Mayo! Amebeba punda au amebeba tembo?"

"Ndivyo walivyo, mzee. Ng'ombe ni ng'ombe na punda ni punda."

"Na akizaliwa," nikauliza, "lini naweza kumswaga kwenda Iramba?"

"Mpaka aache kunyonya. Miezi sita si mibaya."

Mama Eliya, furaha yote iliniisha. Mpaka mvua, halafu miezi sita juu yake! Nilijiona nimekuwa mzee hapa Kwihara, ndevu nyeupe, bado nashika mkia. Dresa alipoondoka nikaanza kumlaumu kila mtu. Nilimlaumu Mzee Yakobo na ngumi yake, na bibi na birika lake. Nilisema maneno ambayo mwenye kukusomea barua hii akiwa mwalimu wa kanisa hawezi kuyasoma.

Bwana Nasoro alingoja nimalize. Akaniambia, "Umeamini maneno ya mtu aliyeshika mavi akasema ni kwato?"

"Nimeamini, bwana."

"Basi mimi siamini. Na kelele zako nimechoka nazo, na huyu gunia la upepo nimechoka naye. Sikiliza. Mchukue mwenyewe Tausi, na upepo wake, badala ya huyo mtoto wako wa ndoto. Ondoka naye. Akizaa, vyako vyote. Asipozaa, usije kunililia hapa."

Bibi Zuhura akamshika mkono. "Nasoro, mwanangu, usije ukalia wewe. Mimi nilisema anayo."

"Mama, wewe ulisema hajui!"

Nikamwambia kwa haki, mbele yao wote: "Bwana, ana mimba. Dresa amesema. Nakwambia tena ili usiseme nilikudanganya." Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Nikaona mwaka mzima nimesema na sikusikilizwa, nikisema mara moja zaidi haitanisaidia mimi wala yeye. Tukapeana mikono, Mzee Yakobo na bibi wakiwa mashahidi.

Sasa Tausi ni wetu, mimi na wewe. Lakini nikwambie ukweli, usiku huwa naogopa. Nimeacha kazi na posho yake ya hakika, nikachukua punda mzee mwenye sikio lililochanika na neno la kijana mmoja. Kama dresa alikosea, nakuletea mnyama atakayekubebea maji miaka michache tu, kisha basi. Kama hakukosea, tuna wawili, na Eliya atakua na punda wake. Siwezi kumpima tena. Kila nikimtazama ubavu namkumbuka yule dume.

Msalimie mama, mwambie dawa ya magoti nimempatia kwa Mwarabu mmoja mjini. Msalimie kaka yangu mkubwa na mke wake, na shemeji yangu aliyekutengenezea paa, nitamshukuru kwa mkono wangu. Baba mkwe mpe shikamoo yangu, na kama anamjua mtu aliyewahi kuzalisha punda, amwulize inakuwaje, asingoje mimi nifike. Eliya mwambie baba anakuja.

Naondoka Jumatatu. Nitapita Nzega na Igunga, na lazima nivuke mbuga ya Wembere kabla ya mvua, kwa sababu ikijaa maji sivuki, wala Tausi havuki. Simpakii chochote, mzigo wangu nabeba mwenyewe, na mwendo ni wake: akisimama, nasimama. Nitegemee mwezi wa kumi ukiwa mchanga. Ukiniona nakuja na punda mmoja tumbo kubwa, usimtie maji sikioni wala usimguse ubavu, mwache tu apumzike. Ukiniona nakuja na wawili, ujue tulichelewa kwa sababu nzuri. Na ukiniona nakuja peke yangu, usiniulize kitu, nipe uji kwanza.

Ni mimi mume wako,
Baba Eliya