Sauti za mama kwenye folda iliyofutwa

Shoga, usipige, nitalia mbele ya watu.

Sauti za mama zimepotea. Zile nilizomrekodi wodini kabla hajatutoka. ZOTE. Na simu niliyorekodia ndiyo ile iliyoibiwa.

Nilikuwa nazisafisha kelele kwenye kompyuta kubwa ya ofisini. Bosi kaona folda asiyoijua, kaifuta. Hata kuniuliza!

Nilipokuta haipo nilitafuta kila mahali. Lakini programu ya kusafisha ilikuwa bado inafanya kazi. Nikachungulia kwenye /proc, pale mfumo unapoonyesha kila programu imekaa folda gani na imeshika faili zipi. Jina la folda lilikuwepo, pembeni limeandikwa imefutwa. Ila faili moja ilikuwa bado imeshikwa! Ile mama anamwimbia mwanangu. Maadamu programu iko hai, faili haijapotea kabisa; ningeinakili palepale.

Nikapiga kelele, "Bosi, usiguse kitu!"

Akasema, "Usijali, nimeshaizima hiyo programu. Niliona imebaki inahangaika, nikakusaidia."

Amenisaidia. Shoga, amesema AMENISAIDIA.

Nikatazama tena. Patupu.

Akauliza, "Kwani ilikuwa kazi ya mteja gani?"

Nikamwambia, "Ya mama yangu."

Mtu mzima yule akakaa sakafuni, kashika kichwa. Hata kumkasirikia nimeshindwa.

Wewe ulikuwepo siku ile anaimba. Nirekodie hapa alivyokuwa anaanza, hata kama huwezi kuimba. Maneno ninayo yote. Sauti ndiyo siipati.