Kazi ya Maji, Kazi ya Mkono

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo. U mzima? Goti limepoa, au bado unaligombeza kila ukipanda ngazi? Na wanangu hao, wanakula vizuri? Mimi mwili hauna neno, ila upweke unanila. Tangu uhame, nikipika sufuria ndogo chakula bado kinabaki.

Kazini nipo dirisha lile lile la makumbusho, napokea mawe. Watu wanaleta, eti wameokota sanamu za watu wa kale: hili lina pua, lile ni ndege kabisa. Nachukua lenzi, nakagua. Ufa wa asili hufuata mshipa wa jiwe, lakini mkato wa mtu una pa kuanzia na pa kuishia, maana mkono huchoka. Kisha naandika daftarini: kazi ya maji, au kazi ya mkono. Miaka sita, dada, ni maji matupu! Wenzangu wameshanibandika jina, Bi Maji.

Kuna mzee mmoja, fundi mwashi mstaafu, aliyefiwa na mkewe. Kila Jumatano huja na jiwe ndani ya soksi. Nikimwambia ni maji, hujibu kwamba basi maji hayo yamesomea uchongaji. Tunacheka, anakaa, ananiuliza nimekula nini. Hakuna mwingine anayeniuliza.

Mwezi uliopita alileta jiwe dogo la kuenea kiganjani. Nilipoweka lenzi, niliona mikato yenye pa kuanzia na pa kuishia. Alikuwa mnyama aliyekunja miguu, na ndani ya mikato rangi ilikuwa imezeeka sawasawa na ngozi ya jiwe, kwa hiyo hakuchongwa jana wala juzi. Mzee akaniambia kwamba miguu yake imechoka kushuka mtoni. Likiwa kazi ya mkono, ametimiza nia yake, hatatafuta tena.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Nilimwambia ni maji. Nilijua ukweli, nikamdanganya mchana kweupe, ili Jumatano ijayo aje tena.

Hakuja. Wiki ya tatu nikamfuata kwake, nikamkuta analainisha kizingiti kipya cha zege mlangoni. Alinipokea kwa furaha. Alisema ameachana na wazimu wa mawe. Yote ameyaponda kokoto, hata lile dogo, yamo humo kwenye zege. Tena akanishukuru! Wanawe walikuwa wakimwitikia ndiyo ndiyo ili anyamaze, akasema kwamba mimi peke yangu sikumdanganya. Dada, nilikunywa chai yake nikaondoka.

Nikishaitia barua hii posta naenda kumwambia ukweli. Akinifukuza ana haki, nami sitabaki na mtu huku. Naogopa, sikufichi. Lakini mzee wa watu alilipata jiwe lake, dada, na hajui kwamba alilipata.

Nibusie wanangu. Niandikie upesi, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
akupendaye.