Kabla ya Chakula cha Mchana

Dada yangu mpendwa,

Tangu jana saa tatu asubuhi mimi ni bepari. Aliyelitamka hilo ni wakili wa mzee mwenye kiwanda cha uchapaji, mbele ya mashahidi wawili, na alilitamka bila kucheka. Kabla hujaangua kicheko wewe, pokea salamu zangu. Magoti yanasemaje? Shemeji bado anabishana na redio? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia, na utaona kwa nini.

Unajua kwamba tangu nilipokimbia huko kwa ajili ya vijitabu vyangu vya Kimaksi, kazi yangu hapa ni kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa. Chumba changu kiko nyuma ya mashine kubwa. Ikiwaka, kikombe cha chai kinatembea chenyewe mezani. Kila saa nne mzee alikuja kunywa chai na kubishana nami, yeye akitetea faida, mimi nikitetea jasho. Hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake, na hakuna aliyekosa siku. Hata vijitabu nilivyoandika huku alivichapa yeye, akilalamika kila ukurasa.

Sasa masikio yake hayasikii tena, amehamia kwa bintiye. Mpwa wake alitaka kuuza mashine kama chuma chakavu. Mzee akakataa, akaniandikia mimi kiwanda chote. Wakili alinifikishia maneno aliyoagizwa: kwamba huo ndio ubishi wa mwisho wa mzee, na sasa ni zamu yangu kujibu.

Nilikabidhiwa funguo. Nikaingia ofisini kwake, nikakalia kiti chake, kile kinachozunguka, na kusema kweli, dada, kilinipendeza. Kufikia saa sita nilikuwa nimeshagundua kwamba karatasi zinapotea ovyo, kwamba mfunga vitabu huja kazini kwa wakati anaotaka mwenyewe, na kwamba ghalani mtu mmoja angeweza kufanya kazi ya wawili.

Kisha kikombe changu, nilichokuja nacho ofisini, kikaacha kutetemeka. Mashine ilikuwa imezimwa.

Nilipotoka niliwakuta wote sita wamekaa juu ya marobota ya karatasi. Fundi wa mashine, tunayemwita Radi kwa sababu ya sauti yake, alisimama kwa adabu ambayo juzi hakuwa nayo. Alisema hawana ugomvi nami binafsi; ni mgomo tu. Mfunga vitabu, mama mcheshi ambaye hajawahi kunipa chai bila kunisuta, aliuliza waniite nani sasa, maana “Ndugu Bosi” linamkwama kooni. Radi akanikumbusha kijitabu changu cha tatu, ambacho alikichapa kwa mikono yake. Alisema niliandika humo kwamba Mmaksi akirithi kiwanda, awakabidhi wafanyakazi kabla mwaka haujaisha.

Hapo ningenyamaza. Nilikuwa nimepewa mwaka mzima bure. Lakini kusahihisha prufu miaka yote hii kumeniharibu.

“Si mwaka,” nilisema. “Niliandika kabla ya chakula cha mchana. Maana ikifika jioni atakuwa ameshapata sababu.”

Mfunga vitabu akaitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi.

“Basi una dakika arobaini, baba,” alisema, na marobota yakatikisika kwa vicheko.

Wakili alikuwa bado chumba cha mbele akipanga makaratasi yake. Aliniuliza mara mbili kama ninaumwa. Nikatia sahihi: mafungu saba sawasawa, sita yao, moja langu. Mashine ikawashwa, na Radi akapiga ukelele uliostahili jina lake. Tulipokuwa tunakula tukafanya uchaguzi. Mfunga vitabu ndiye mwenyekiti, kwa kura sita dhidi ya moja. Ile moja ilikuwa yangu, nilijipigia mwenyewe.

Sasa lile nililolichelewesha. Asubuhi, pamoja na funguo, wakili aliniambia kwamba mgeni mwenye kiwanda hupewa ukazi wa kudumu na hati ya kusafiria. Unaelewa maana yake. Wewe huruhusiwi kuja huku, mimi siwezi kutoka. Kwa hati hiyo tungekutana nchi ya tatu, baada ya miaka kumi na tisa ya kuandikiana. Sikusahau. Kalamu ikiwa mkononi nilikuwa nakuona wewe. Sikuuliza kama fungu moja kati ya saba linatosha, kwa sababu niliogopa kuambiwa halitoshi, na ningeambiwa hivyo nisingetia sahihi. Ukinikasirikia, una haki.

Niliuliza baadaye. Wakili hajui; sheria inasema “mwenye kiwanda”, haisemi mwenye kiasi gani. Mwenyekiti aliposikia alivua aproni, akaniita mjinga mbele ya watu, kisha akamwagiza wakili aandike ombi kwa jina la wenye kiwanda wote. Leo asubuhi wamelipeleka ofisi ya wageni, wote sita, mashine ikiwa imezimwa tena, safari hii kwa amri ya wenye mali. Karani aliwaambia hajawahi kuona matajiri wenye wino hadi kwenye viwiko. Lakini amelipokea na kuligonga muhuri.

Nisalimie shemeji, mwambie redio imeshinda. Wajukuu wakumbatie kwa niaba yangu. Ukishaisoma barua hii nenda ukaombe pasipoti yako, usingoje nyingine. Jibu litatolewa Alhamisi ijayo, tarehe tisa, saa mbili asubuhi, dirisha la nne. Mimi nitafika saa moja, na Ndugu Mwenyekiti ameapa kwamba safari hii hatachelewa.

Mdogo wako,
Mbishi