Ukuta wa Nyumba ya Yona

Ruiru, shamba la kahawa

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje, na baba bado anakohoa? Sisi huku wazima, na mtoto wetu Roda anatambaa mpaka kwa majirani. Najua anayekusomea ni mdogo wangu Yona mwenyewe, bwana harusi wetu, basi asome pole pole wala asiruke mahali ninapomsema.

Nimesikia kwamba nyumba yake imekwisha kuezekwa, na kwamba unataka nije nichore ukuta kabla bibi harusi hajaingia. Mama, nilifurahi, kisha nikaogopa. Sijamaliza mchoro hata mmoja tangu nije huku.

Hapa tunakaa kwenye laini, safu za vyumba vya wafanyakazi, vya mawe vilivyopakwa chokaa, na ukuta si wako. Mwanzoni nilikuwa nikiwaza maua na mistari hata nikichuma buni. Nikiuona udongo mwekundu wa huku, vidole vinaniwasha. Sasa nachuma, napeleka debe kwa mnyapara, nateka maji, napika, nalala. Siwazi chochote tena.

Wambui, mwenyeji wa hapa ninayechuma naye, alinihurumia. Kwao Gitothua wana kibanda cha kupikia cha udongo. Jumapili alinipeleka, akasema, "Haiya, Mama Roda, ukuta ndio hii. Chora tu, hakuna mtu atakuuliza."

Nikakoroga udongo mweupe, nikaanza. Kumbe ukuta ulikuwa mkavu! Nyumbani wewe hutangulia ukisiriba, mimi nakufuata nikichora kabla haujakauka, nawe unanihimiza, "Haraka, jua hilo!" Nimezoea hivyo hata sikukumbuka kwamba ukuta hulowanishwa na mtu. Michoro yangu ikapukutika kama unga. Wambui akacheka, akasema tusiribe upya. Tukasiriba. Ukuta ukawa mbichi, mzuri kabisa, nami nikasimama mbele yake na udongo vidoleni nisijue pa kuanzia. Hakuna kilichokuja. Nikanawa mikono, nikaaga, na njiani nikalia. Nilikutamani, Mama, hata sauti yako ya kugomba.

Mume wangu anasema ni uchovu tu. Labda. Yeye mwenyewe akitoka kiwandani Thika hulala na viatu.

Mavuno yakiisha nitakuja, nimekwisha kupewa ruhusa. Nisalimie baba, na shangazi aliyenionyesha pa kuchimba udongo mweupe mtoni. Wewe Yona, acha kucheka, hata kamba ya paa najua ulifungiwa na wenzako.

Na bibi harusi mwambieni asiningojee kama fundi. Siku ya kuchora aje na mikono yake. Yangu ikikataa, aanze yeye, nami nitamshikia chungu cha udongo.

Ni mimi bintiyo ninayekukumbuka kila siku,
Marita