Maelezo ya Mwalimu Stanslaus Wanzagi kuhusu diski ya wosia iliyoachwa wazi

Jina: Stanslaus Wanzagi. Umri: miaka 71. Kazi: mwalimu mstaafu, mpiga picha za video. Dini: Mkatoliki. Makazi: Mwitongo, Butiama.
Mahali: Kituo cha Polisi Bunda. Tarehe: 23/08/2025, saa 3:10 asubuhi.

Ninatoa maelezo haya kwa hiari. Nimekuja kwa sababu Danford, mwenye studio ya picha hapa Bunda, yuko mahabusu tangu tarehe 21 kwa tuhuma ya kufuta wosia wa marehemu Renatus. Hakuufuta. Nitaeleza polepole.

Mnamo tarehe 14/06/2025, saa 4 asubuhi, nilimrekodi Renatus nyumbani kwake Butiama. Alitamka kwamba nyumba yake ya Mukendo, Musoma, ni ya mkewe Matrida. Jioni hiyo niliichoma video kwenye diski, nikamkabidhi.

Sisi huku mtu huwa na diski moja. Maneno yake hutangulia, video ya mazishi inaongezwa baadaye, kisha siku ya kuondoa matanga. Ndiyo maana programu yangu huiambia diski ibaki wazi ili ipokee nyongeza. Ni programu ya zamani, kompyuta mpya zinaikataa. Diski ikiwa wazi, deki haiisomi, na kompyuta isiyo na programu hiyo huionyesha kama tupu. Kazi ikiisha, mimi huifunga, ndipo inasomeka popote. Nilimweleza Renatus. Mkewe sikumweleza, na juu ya kasha niliandika jina tu. Nilikuwaga nafanya hivyo miaka yote.

Tarehe 28/07/2025 nilikwenda Mwanza kutibiwa macho. Renatus alifariki tarehe 03/08/2025 nikiwa huko. Nilirudi jana. Matrida alikuja kwangu saa 11 jioni, akanieleza yafuatayo.

Tarehe 11/08/2025 alipeleka diski kwa Danford atoe nakala. Danford alimwambia, "Mama, hii haina kitu, labda ulipewa mpya." Tarehe 16/08/2025 aliipeleka hivyo hivyo kwenye kikao cha ukoo, akiamini kwamba deki huenda ikaisoma. Deki haikuonyesha kitu. Chacha, mdogo wa marehemu, ambaye anaitaka nyumba, alisema mbele ya watu, "Shemeji, umetuletea kioo cha kujitazamia?" Walicheka. Matrida alikumbuka kwamba Danford ameoa ndugu wa mke wa Chacha, akaamini ameifuta kwa ajili yake, akaja hapa kushtaki.

Nilimwambia, "Mama, aliyekosea ni mimi." Alichukua mkoba wake akaondoka.

Leo alfajiri niliifunga kompyuta yangu kwa blanketi, nikapanda basi hadi hapa. Koplo Sabina aliniuliza, "Mzee, sasa hilo furushi ni ushahidi au unahama?" Nilimwomba alete kielelezo, yaani ile diski, akishike mwenyewe na kukigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa chini, kuanzia katikati, kuna duara lililokoza rangi. Hapo ndipo palipochomwa. Diski mpya haina duara hilo. Tena hii ni ya aina inayopokea nyongeza tu; kilichokwisha kuandikwa, hata mtu akitaka kukifuta hawezi.

Koplo alisema, "Duara haliongei, Mwalimu." Ni kweli. Niliomba Danford na Matrida waitwe, kisha nikawasha kompyuta mbele yao na kukisoma kielelezo kwa programu ile. Kielelezo sikukifunga wala kukiongezea kitu. Niliinakili video kwenye diski mpya, nikaifunga hiyo, tukaiweka kwenye deki ya kantini. Renatus alionekana, akakohoa, akataja nyumba ya Mukendo na jina la mkewe. Matrida aliomba irudishwe nyuma, akasikiliza tena akiwa amesimama.

Danford alisema, "Mwalimu, siku mbili nimelala chini kwa sababu ya kasha lisilo na maelezo." Nilimwambia ni kweli.

Kama kuna mtu wa kuulizwa juu ya diski hii, niulizwe mimi. Niko tayari kurudia jaribio hili mbele ya hakimu, au mbele ya ukoo wote, Chacha akae kiti cha mbele.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyatenda na kuyaona. Nimesomewa, nimesahihisha tarehe moja, nayakubali.

Sahihi: S. Wanzagi

Maelezo ya mpokeaji: Nimeyaandika mimi, Koplo Sabina, na kumsomea shahidi. Mlalamikaji Matrida ameandika kwamba hana dai tena dhidi ya Danford. Saa 6 mchana nilimruhusu shahidi aende. Alisema anasubiri mtu, akakaa kwenye benchi la kaunta. Saa 9:40 alasiri Danford aliachiwa. Wametoka pamoja, Danford akiwa amebeba kompyuta.